Uzi: Tulivuka Kilwa Kisiwani bila kuuliza maji, bi mkubwa akatembea kwenye tope

mtoto_wa_mbagala

Wadau salaam. Humu kuna jamaa aliwahi kuandika kwamba Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha magofu ya mji wa kale, kaimaliza kwa masaa mawili, kapiga picha msikitini, kageuza, saa saba yuko Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo yake, anakula chipsi, akamalizia "magofu tu, hamna kitu". Mimi nimerudi juzi, tumekaa siku nne, na nakuja kusema yule jamaa Kilwa hajaiona. Ila nisijifanye mjuaji, siku ya kwanza na mimi nilikuwa vilevile, tena afadhali yeye hakurudi na tope magotini.

Naandika kwa vipande, nipo kwenye kibarua cha watu.

Tulikuwa watano, mimi, shemeji yenu, watoto wawili na bi mkubwa wangu, yaani mama, ambaye ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Tumetoka Dar alfajiri na gari ya kuazima, Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Tulipovuka daraja la Mkapa bi mkubwa akaanza hadithi za kivuko cha Ndundu, kabla daraja halijafunguliwa 2003, jinsi Rufiji ukijaa watu wanalala foleni pale na mbu wa kule mnawajua wenyewe, yeye kalala pale na mgonjwa. Watoto wanamtazama tu, wao wanaona daraja na maji. Somanga tukashuka kula samaki, sijui niseme nini kuhusu samaki wa Somanga, mwenye kujua anajua. Nangurukuru tukakata kushoto, jioni tuko Masoko. Safari yote kama kilomita 300 hivi, si mbali kama watu wanavyoitisha.

Kosa langu nilishalifanya, ila nilikuwa bado sijui.

kibua_mkavu

Nimeweka kigoda mkuu, tiririka. Hapo Somanga ndio pale barabara ilikatika 2024 na kile kimbunga Hidaya? Nilikuwa na mzigo wa ufuta kwenye lori, nisikumbushe.

mtoto_wa_mbagala

Hapohapo mkuu. Pole na ufuta.

Twende. Asubuhi nikaenda kuchukua kibali, maana Kisiwani huvuki tu kama unaenda sokoni, magofu siku hizi yapo chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, unalipia unapewa mtu wa kukuongoza. Hilo nililijua. Bandarini nikapatana na nahodha, alianzia 80,000 nikamshusha mpaka 50,000 kwenda na kurudi, boti ya mashine, nikajiona mjanja. Saa nne kamili asubuhi tunang'oa.

Sasa usiku wake tulikuwa tumekaa nje tunasifia mwezi. Mwezi mkubwa umejaa, watoto wanacheza, shemeji yenu kaupiga na picha. Mnaona ninapoelekea? Mwezi umejaa maana yake bamvua. Na bamvua kwenye pwani yetu maji yanakupwa hasa ikifika saa nne asubuhi, yanakimbia mpaka unaona miamba ambayo siku nyingine huioni kabisa. Kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua ni mita tatu na zaidi, hiyo ni nyumba ya chini nzima inajaa na kukauka mara mbili kwa siku.

Basi mlangoni pa kisiwa boti ikagoma. Ng'ambo yenyewe ni kama kilomita mbili tu na katikati kina kipo cha kutosha, ila ukikaribia Gereza, ile ngome ya zamani ya ufukweni, ni tope, majani ya bahari na mawe. Nahodha akazima mashine akasema "shukeni hapa". Hapa wapi? Maji ya magoti! Bi mkubwa kavaa viatu vyake vya harusi za watu, kabeba pochi kichwani, namshika mkono huku shemeji yenu anamshika wa pili, mguu ukizama unatoka bila kiatu. Nikaanza kumfokea nahodha kwamba si angetuambia. Mzee wa watu akanijibu taratibu kabisa, "mliniambia saa nne, mimi nikajua mnataka kwenda mwambani".

Sikuwa na la kujibu. Alidhani tunajua tunachofanya.

binti_kivinje

Hahahaha jamani bi mkubwa, mpe pole yangu na umwambie amekaribishwa kikwetu. Mimi ni wa Kilwa Kivinje, na wageni wote wanakosea hapohapo. Anauliza boti bei gani, anauliza kiingilio bei gani, haulizi maji saa ngapi. Sisi hata msiba tunaupangia maji.

injinia_wa_mezani

Na mimi ndio yule jamaa wa masaa mawili, naona nimepewa ujumbe. Sasa mkuu, tope umekanyaga, bado hujasema kuna nini cha kukaa siku nne. Ukuta ni ukuta. Picha zote za huo msikiti ziko mtandaoni.

mtoto_wa_mbagala

Injinia karibu kiti, nilikuwa nakusubiri.

Tulipofika nchi kavu kijiji kilikuwa kimya, nyumba zimefungwa, wazee wawili tu barazani na mbuzi. Nikamuuliza kijana aliyetuongoza watu wako wapi, akanyoosha kidole kule baharini tulikotoka. Nageuka, kule mbali kwenye mwamba kuna vidoti vidoti, kina mama na watoto wamejifunga kanga viunoni, wanatembea wameinama. Nilikuwa nimepita katikati yao na boti na sikuwaona, nilikuwa nagombana na nahodha.

Wanatafuta pweza. Ana fimbo ya chuma au ya mti, anachungulia tundu, mimi naona jiwe yeye anaona nyumba ya mtu. Pweza akiwa ndani anapanga vijiwe na maganda ya chaza mlangoni kwake, ndio anajichongea hapo. Bi mmoja alirudi na watano kwenye kapu, mmoja bado anabadilika rangi. Tukanunua wawili, akawapiga juu ya jiwe mpaka mikono ikauma, maana pweza usipompiga utatafuna mpaka Idi. Bi mkubwa wangu hapo magoti yalishapona, kakaa chini na yule mama wanakuna nazi wanazungumza habari za watu wasiojuana nao.

Hayo magofu siku hiyo tuliyapitia juujuu. Kijana anaeleza, mimi nawaza tope. Saa nane maji yalikuwa yanarudi, saa tisa boti imekuja mpaka karibu na ukuta wa Gereza, tumepanda bila kulowa. Sehemu ileile!

Jioni Masoko nikamfuata nahodha nikamuomba radhi na nikamuuliza kesho tuvuke saa ngapi. Akasema kabla ya saa moja asubuhi, maji yakiwa bado hayajakimbia, mrudi alasiri. Kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima kasoro dakika kidogo, kwa hiyo ratiba yako ya jana kesho haifai.

kibua_mkavu

Hii ya maji kuchelewa kila siku niliisoma shule nikaisahau. Kumbe ina kazi.

shehe_mtulivu

Mkuu hukusema kama mlivaa kiheshima. Kile ni kijiji cha Waislamu, watu wanaishi mle, siku moja nimekuta vijana wa kutoka Dar wamevaa kaptula za ndani wamekaa kwenye makaburi ya masultani wanapiga selfi. Mzee mmoja anawatazama tu hasemi kitu. Niliona aibu mimi.

mtoto_wa_mbagala

Shehe uko sahihi. Shemeji yenu na bi mkubwa walikuwa na kanga, mimi suruali. Mwanangu wa kiume nilimsema. Na picha za watu tuliomba kwanza, wale kina mama wa mwambani walikataa na tukaacha, hamna shida.

Siku ya pili sasa, Injinia ndio ya kwako. Tumefika jua changa. Ukiingia Msikiti Mkuu asubuhi ile mwanga unapita kwenye matao na nguzo, ndani kuna ubaridi, unasikia njiwa tu. Kuna sehemu mbili, ile ndogo ya kaskazini ndio ya zamani zaidi, ilianzwa karne ya 11, na ile kubwa yenye nguzo na makuba ni nyongeza ya karne ya 14, wakati wa sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kwa karne kadhaa hakukuwa na msikiti mkubwa kuuzidi huku kwetu kusini ya Sahara. Na umejengwa na nini? Matumbawe. Mawe yaleyale ambayo jana bi mkubwa alikuwa anayakanyaga, wameyakata baharini, mengine wameyachoma wakapata chokaa. Nilikuwa nimeshasoma hilo mahali lakini sikulielewa mpaka nilipoweka mkono ukutani nikaona umbo la tumbawe kabisa, lenye vitundu vyake. Kama hujaona mwamba ukiwa mkavu huu msikiti ni ukuta tu, na hapo Injinia nakuelewa, ulifika maji yamejaa ukaona nusu.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika 1331, sultani akiwa huyohuyo al-Hasan. Kijana alituhadithia ile ya fakiri kutoka Yemen, kamkuta sultani anatoka swala ya Ijumaa akamwomba zile nguo alizovaa mwilini. Sultani karudi ndani, kavua, kavaa nyingine, kampa. Ndio maana wakamwita Abul-Mawahib, baba wa zawadi. Dhahabu ilikuwa inatoka Sofala kule Msumbiji ya leo inapita Kilwa, huyu bwana uwezo alikuwa nao.

Halafu tukatembea mpaka Husuni Kubwa, ni mbali kidogo na jua lilishapanda, bebeni maji. Jumba la huyohuyo al-Hasan, vyumba zaidi ya mia, lipo juu ya genge linatazama bahari na kuna bwawa la kuogelea la pembe nane. Mtoto wangu wa kike aliuliza maji walikuwa wanayatoa wapi, kijana wa watu akacheka akasema hilo swali kila mtoto anauliza na hakuna mtu mzima anayeuliza.

injinia_wa_mezani

Husuni Kubwa sikwenda. Niliambiwa ni mbali.

binti_kivinje

Nani alikwambia ni mbali, aliyekuongoza? Alikuwa anataka kuwahi wageni wengine huyo.

Ila mkuu naomba niongeze kitu maana watu mkishaanza dhahabu na sultani mkarimu mnasahau. Ile hadithi ya fakiri haijaishia kwenye nguo, Ibn Battuta anasema aliongezewa pembe za ndovu na watumwa. Na 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa anaitwa Morice wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Kivinje kwetu ndio ilikuja kuwa mwisho wa misafara kutoka huko ziwani Nyasa, karne ya 19. Bibi yangu akitajiwa majumba ya zamani anauliza "na nani alibeba mawe?" Basi mkienda, ulizeni na hilo.

mtoto_wa_mbagala

Binti umenena, na nakiri kwenye matembezi hilo halikutajwa kabisa, au labda mimi ndio sikuuliza.

shehe_mtulivu

Na Wareno je? 1505 ndio walipoivamia na kuipora, kamanda wao d'Almeida huyo, wakajenga ngome, 1512 wakaondoka zao. Ile Gereza mnayoiona sasa ni ya Waomani, wamejenga pale ngome ya Wareno ilipokuwa. Neno lenyewe gereza tumelichukua kwao, igreja, ni kanisa hilo. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, Kiswahili nacho kina mambo.

kibua_mkavu

Sasa nasikia Gereza yenyewe inaliwa na bahari?

mtoto_wa_mbagala

Imeshaliwa upande mmoja. UNESCO waliiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, kwenye urithi wa dunia 1981, halafu 2004 wakaiingiza kwenye orodha ya zilizo hatarini, ikatolewa 2014 baada ya kukarabatiwa. Ufukweni utaona mawe yamefungwa kwenye nyavu za waya kuzuia mawimbi na mikoko imepandwa. Na hapa ndio nakumbuka kitu nahodha aliniambia wakati tunarudi, kwamba mikoko ikikatwa ukuta unadondoka na samaki wadogo wanakosa pa kukaa, kwa hiyo mvuvi na huyo wa mambo ya kale wanalia kilio kimoja. Alisema akiwa anakoroga uji wala hakuwa anatoa mada.

Siku ya tatu tulienda Kivinje, na hii Binti utanirekebisha. Nilipapenda kuliko nilivyotegemea. Majumba ya zamani yamebomoka, Boma la Mjerumani limebaki linatazama bahari, na pale ufukweni mafundi wa mashua wanachonga. Nimekaa pale masaa. Fundi anapachika mataruma, zile mbavu za chombo, kwenye mkuku, ule uti wake wa chini, kwa macho tu, hamna ramani wala karatasi, kila muda anarudi nyuma anafumba jicho moja anatazama. Kijana mwingine anapiga kalafati, anashindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye mianya ya mbao, tok tok tok, hiyo sauti nimelala nayo. Chombo kilichokuwa kimepinduliwa pembeni kinanuka sifa, yale mafuta ya papa, harufu ikikuingia kwenye shati usitegemee itatoka wiki hiyo.

Bi mkubwa aliomba kuona Mwembe Kinyonga. Pale ndipo Wajerumani waliponyonga watu waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya, 1895. Miaka kumi baadaye Maji Maji ikaanzia hukohuko milima ya Matumbi. Bi mkubwa alisimama pale akasoma Fatiha, na sisi tukasimama. Watoto kwa mara ya kwanza safari nzima hawakuuliza kitu.

binti_kivinje

Hujakosea. Ila hukula mkate wa kumimina Kivinje, hilo ni kosa nalo.

mama_mapacha

Samahani nimechelewa kuingia. Tunataka kwenda mwezi wa sita na mapacha wangu wa miaka minne, ni sawa? Na usalama wa boti ukoje, mimi ni mwoga wa maji sana.

mtoto_wa_mbagala

Dada yangu mwezi wa sita mpaka wa nane mvua hamna lakini kusi inavuma, mchana bahari inachafuka, vukeni asubuhi. Sisi tulienda mwishoni mwa mwezi wa tisa pakiwa pametulia zaidi. Machi mpaka Mei ni masika, njia na bahari vyote vinasumbua. Kuhusu boti, dai maboya, na yahesabu kwa macho yako kabla hujapanda. Siku ya kwanza tuliambiwa "yapo" tukakuta mawili kwa watu watano, hilo nalo nililipita kwa sababu ya kukimbilia bei. Siku ya pili tulikuta matano, nahodha alikuwa ameazima. Na kwa hao wa miaka minne usivuke siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa, utawabeba wote wawili kwenye tope.

kibua_mkavu

Zile sarafu za Kilwa je? Nilisikia zimeokotwa mpaka Australia.

mtoto_wa_mbagala

Kweli, visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, 1944. Zilifikaje huko watu wanabishana mpaka leo. Ila sikiliza, ufukweni Kisiwani utaona vigae vya vyungu vimetapakaa, vingine ni vya kaure ya Kichina, buluu na nyeupe, vinang'aa kwenye mchanga. Mwanangu alijaza mfuko. Kijana akamwambia kwa upole avirudishe, sheria hairuhusu, na akamwonyesha kwamba kigae kikitolewa pale kilipo kinakuwa takataka tu, hakisemi tena kitu. Alirudisha vyote, alinuna mpaka Nangurukuru.

injinia_wa_mezani

Sawa. Nakubali nilikurupuka. Nina likizo mwezi wa kumi na moja, Songo Mnara nayo mlifika?

mtoto_wa_mbagala

Hatukufika. Songo Mnara ni mbali zaidi, inataka siku nzima na maji yakubali kwenda na kurudi, na siku ya nne maji yalikuwa yanakupwa mchana saa sita, nahodha akasema tukilazimisha tutalala kwenye mikoko. Safari hii nilimsikiliza. Tukavuka tena Kisiwani asubuhi, bila mtu wa kutuongoza mbele, tumepewa baraza tukakaa. Yule mama wa pweza akatuletea mihogo na bi mkubwa alikuwa amembebea doti ya kanga kutoka Masoko, kumbe jioni ya jana alitoka kimyakimya kwenda dukani na magoti yake hayo. Hatukwenda msikitini wala wapi. Jua lilipopanda tukaona watu wanaanza kushuka mwambani mmoja mmoja, safari hii tunawaona, mwanangu wa kike akaomba kwenda nao na mama akamfunga kanga kiunoni akamchukua.

Hakupata pweza. Kapata kaa mdogo akamrudisha.

injinia_wa_mezani

Mwezi wa kumi na moja mwezi unajaa tarehe ngapi? Na hiyo namba ya nahodha nitumie pembeni.

mtoto_wa_mbagala

Nakutumia. Tarehe muulize yeye mwenyewe, na usimwambie saa, mwambie unataka kufanya nini.